Mguu uliofungwa kwenye ubao: vituko vya wavumbuzi wa skii

Leo tuachane kidogo na siasa na yale mabishano yasiyokwisha ya Simba na Yanga. Nataka tuzungumze habari za theluji. Najua wapo watakaosema, "Wewe mwandishi, umekosa habari?" Sijakosa. Ila kazini ukimpelekea mhariri stori ya skii atakuuliza kama umepima malaria. Hapa barazani kwangu mhariri ni mimi mwenyewe, kwa hiyo stori imepita.

Kwa wale ambao hawajawahi kuona: skii ni mbao mbili nyembamba na ndefu, ncha zake zimepinda kwenda juu, ambazo mtu hujifunga miguuni ili ateleze juu ya theluji. Neno la kushika hapo ni "hujifunga". Karibu vituko vyote nitakavyosimulia vimetokana na neno hilo.

Tuanzie nyumbani, maana asije mtu akasema haya ni mambo ya Wazungu tu. Mwaka 1912, wakati nchi yetu ikiwa chini ya Wajerumani, Walter Furtwängler na mwenzake Siegfried König walipanda Kibo, wakiwa kundi la nne kufika kileleni. Walikuwa na skii. Ndiyo, skii, Kilimanjaro! Fikiria mbao hizo zikipita migombani Uchagani, zikaingia msituni kwenye mvua na matope, zikavuka nyika kavu ya juu yenye mawe, mwendo wa siku kadhaa, ili mwishoni jamaa wateleze kidogo wakati wa kushuka. Kama kuna safari ambayo skii hazikuhitajika, ni ile. Lakini waliteleza, na jina la Furtwängler lipo kileleni mpaka leo kwenye kipande cha barafu kinachoitwa kwa jina lake. (Kaka yake, Wilhelm, ndiye yule kiongozi maarufu wa okestra.) Kibo ilikuwa na takriban kilomita 12 za mraba za barafu mwaka huohuo wa 1912. Kufikia 2007 kiasi cha asilimia 85 kilikuwa kimekwisha. Atakayetaka kuwaiga wale mabwana leo, apeleke viatu vya kawaida.

Huko skii zilikotoka, zilikuwa chombo cha kazi. Watu wa kaskazini ya Ulaya na Asia walizitumia maelfu ya miaka kuwinda na kwenda kwa jirani. Kuna ubao uliochimbuliwa Kalvträsk, Sweden, ambao una umri wa zaidi ya miaka 5,000. Na usidhani ubunifu wa ajabu ulianza juzi. Watu wa Skandinavia kwa muda mrefu walitumia skii zisizolingana: mguu mmoja ubao mrefu kupita urefu wa mtu, wa kutelezea, na mguu mwingine ubao mfupi uliofunikwa ngozi yenye manyoya chini, wa kusukumia. Ukimwona mtu amevaa hivyo utadhani ameibiwa. Lakini ilifanya kazi vizuri sana, na askari wa Norway walizitumia katika karne ya 18. Wale walikuwa na akili. Wa baadaye ndio walioleta balaa.

Balaa lilianza pale watu walipoamua kushuka milima mikali kwa mchezo. Ukienda tambarare, inatosha kufunga vidole tu, kisigino kikawa huru. Sondre Norheim wa Telemark, Norway, katika karne ya 19 alizungushia kisigino kamba ya mizizi iliyosokotwa, akaweza kuruka na kukata kona bila skii kuchomoka. Mwaustria Mathias Zdarsky alipoanza kuzitumia kwenye milima mikali ya Lilienfeld, aliona kamba zile hazitoshi. Akatengeneza kifungo cha chuma, akaandika kitabu kuhusu mtindo wake mwaka 1897, na mwaka 1905 akaandaa mashindano ya kupita katikati ya milingoti yanayotajwa kuwa ya kwanza ya slalomu. Alikuwa anateleza na fimbo moja tu, na alibishana na Wanorwe waliomcheka mpaka kesho yake. Huyu mzee alikuwa mgumu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, maporomoko ya theluji yalimfukia, na alipochimbuliwa alikuwa na mivunjiko na miteguko kiasi cha 80 mwilini. Themanini! Alipona, akajifundisha upya kuteleza, akaishi mpaka 1940.

Baada ya Zdarsky kila mtu alitaka mguu ukazwe zaidi. Ukikaza, ubao unakutii. Katika miaka ya 1920 mwishoni Mswisi Guido Reuge alileta kifungo cha waya unaozunguka kisigino na kukivuta chini kwa springi. Kiliitwa Kandahar, na jina hilo kweli linatokana na mji wa Afghanistan, kwa kupitia Jenerali Roberts wa Uingereza aliyetoa kombe la mashindano ya skii. Mbele ya buti kulikuwa na vyuma viwili vilivyobana pande zote. Wamarekani wakaviita mtego wa dubu, na sidhani kama walikuwa wanatania.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo penye roho ya habari hii. Wewe umewahi kwenda gereji ukamwona fundi anahangaika na nati iliyoshika kutu? Akishindwa anachukua kipande cha bomba, anakichomeka kwenye mpini wa spana ili mpini uwe mrefu, anavuta mara moja, nati inaachia. Sasa skii ya zamani ilikuwa na urefu wa mita mbili na zaidi. Huo ndio mpini. Buti limebanwa na chuma. Ukianguka ncha ya skii ikanasa kwenye theluji, mwili ukaendelea na safari, nguvu yote ya msokoto inapanda juu. Buti la ngozi lile la zamani lilikuwa fupi, linaishia kwenye kifundo. Kwa hiyo kinachosokotwa ni kifundo chenyewe au mfupa wa muundi. Mfupa unapasuka kwa mzunguko, kama kuni mbichi inayokamuliwa. Huo haukuwa mkosi wa mtu mmoja mmoja. Ulikuwa ni sehemu ya mchezo, na plasta ya mguu ilikuwa jambo la kawaida hotelini kama kikombe cha chai.

Mtu aliyeamua kuutegua mtego ule alikuwa ni mmoja wa walionaswa nao. Hjalmar Hvam alizaliwa Kongsberg, Norway, akahamia Marekani, akaweka maskani Portland, Oregon. Alikuwa bingwa hasa, si mtu wa kubahatisha. Mwaka 1937 alishinda mashindano ya Golden Rose kwenye Mlima Hood. Baada ya ushindi akapanda tena na marafiki kujifurahisha, akaruka, akaangukia vibaya, mguu ukavunjika. Sasa hapa ndipo ninapompenda. Anasimuliwa kwamba alipozinduka kutoka kwenye usingizi wa dawa hospitalini, kitu cha kwanza alichoomba ni penseli na karatasi. Mchoro ulikuwa umeshakamilika kichwani: kishikio cha mbele ya buti ambacho kinasimama imara ukiwa unateleza, lakini kikipata msokoto uliopita kiasi kinageuka pembeni na kuuachia mguu. Mwaka 1939 alikuwa na hataza. Akakiita Saf-Ski.

Unadhani dunia ilimbeba mabegani? Wapi. Wanamichezo wakali walikiona kifungo kile ni kitu cha waoga. Tena walikuwa na hoja, tusiwaonee. Kifungo kinachoachia wakati usiotakiwa, ukiwa katikati ya mwendo mkali, kinaweza kukuua kuliko kile kisichoachia kabisa. Kwa hiyo wengi waliendelea kujifunga kamba za ngozi kwenye kifundo, kaza kabisa, wakimwachia Mungu mengine. Vifungo vya kuachia vilikuja kukubalika polepole baada ya Vita vya Pili, baada ya kina Hannes Marker wa Ujerumani na Jean Beyl wa Ufaransa kutengeneza vya kwao na kuviboresha mwaka hadi mwaka.

Halafu likazuka tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Kifungo kimeachia, sawa, mguu umepona. Skii je? Skii iliyoachwa haikai kukungoja. Inashuka mlima yenyewe, kasi inaongezeka, na huko chini kuna watu na watoto wao. Ni mkuki. Wakaja na suluhisho: mkanda wa kuifunga skii kwenye mguu ili isikimbie. Umeielewa hiyo? Miaka yote hiyo wametafuta namna ya kutenganisha mguu na ubao, wamefaulu, halafu wakavifunga tena kwa mkanda! Matokeo yake ukianguka, skii yenye kingo za chuma inabaki inazunguka kandokando yako kama panga boi, na kichwa chako kiko karibu. Watu walishonwa nyuzi nyingi sana.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyokuwa sikukuu ya wavumbuzi. Skii zilikuwa zimeshika chati Marekani, pesa ipo, na kila mhandisi mwenye gereji aliamini jawabu analo yeye. Kipenzi changu ni kifungo kilichoitwa Burt. Wao walisema: kwa nini tuchague? Acha mguu utoke, lakini uunganishwe na skii kwa nyaya zenye springi. Ukianguka, buti linachomoka, nyaya zinafunguka, ajali ikiisha springi zinavuta skii inarudi yenyewe chini ya buti, kap! Unaamka unaendelea na safari. Kwenye karatasi ni kitu cha ajabu kweli. Mguuni ni mashine nzito yenye mambo mengi, na mimi binafsi nisingependa kuwa na ubao wa mita mbili unaonirudia kwa springi wakati bado nabingirika. Kilikuwa na wapenzi wake waliokiapia, halafu kikapotea.

Daktari mmoja wa California, Richard Spademan, alilitazama suala hilo kwa jicho la mtu anayejua mifupa. Akasema kosa ni kumbana mtu mbele na nyuma ya buti. Akatoa vishikio vyote viwili, akaweka kimoja tu katikati, chini ya unyayo, kinachouma bamba la chuma lililofungwa kwenye soli. Kutoka hapo buti linaweza kuachia kuelekea upande wowote. Kwa maoni yangu huyu ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli kuliko wenzake wote wa wakati ule. Lakini angalia kilichomponza. Kila buti lilihitaji bamba lake maalumu, na wakati huo viwanda vya Ulaya vilikuwa vinakubaliana juu ya umbo moja la soli ili buti lolote liingie kifungo chochote. Ukiwa na dawa nzuri inayohitaji chupa ya peke yake, duka haliiweki. Ikafa.

Na mabuti yenyewe, mama yangu! Ngozi ilikuwa inalowa na kulegea, kwa hiyo katika miaka ya 1960 Bob Lange wa Marekani akaleta buti la plastiki, gumu. Likashinda. Ila kulikuwa na Mel Dalebout wa Utah, ambaye mwaka 1969 alikuja na buti lenye gamba la magnesi. Chuma kabisa! Kwenye theluji! Sijui kama inahitaji maelezo. Cha kuzingatia ni kwamba ndani yake aliweka povu la kumiminwa lililochukua umbo la mguu wa mwenye buti, na wazo hilo la kulichonga buti kwa mguu wa mtu ndilo lililobaki likaheshimika. Plastiki nayo ilileta lake: gamba refu gumu liliokoa kifundo, likalipeleka balaa ghorofa ya juu.

Yapo mengine nayapita haraka. Vienna mwaka 1927 walifungua jumba la skii ndani ya stesheni ya reli iliyokuwa imefungwa, Nordwestbahnhof, na theluji yake ilitengenezwa kwa soda na Mwingereza James Ayscough. Siku ya ufunguzi meya wa jiji, Karl Seitz, alipokuwa anaondoka alipigwa risasi zikamkosa, na hilo ndilo watu wanalolikumbuka zaidi. Mwaka uliofuata jumba lilikwishafungwa. Kuna K2 waliotoa skii katikati ya miaka ya 1990 zenye kifaa cha umeme ndani cha kupunguza mtetemo, na kitaa kidogo kinachowaka kukuhakikishia kwamba kifaa kinafanya kazi. Kuna Howard Head, mhandisi wa ndege wa Baltimore, aliyeamua mwaka 1947 kwamba skii ziundwe kama bawa la ndege, kwa alumini. Jozi sita za kwanza walimu wa skii walizivunja zote moja baada ya nyingine. Alicheka nani? Mwaka 1950 zikakubali, na akawa tajiri. Na kuna Sherman Poppen wa Michigan ambaye Krismasi ya 1965 aliunganisha skii mbili za kitoto, binti yake akasimama juu yake kama anacheza na mawimbi. Mkewe akakipa jina, Snurfer. Kichekesho kile ndiyo babu wa ubao wa theluji unaoshindaniwa leo kwenye Olimpiki.

Lakini yupo mmoja siwezi kumpita haraka. Shane McConkey, mzaliwa wa Vancouver, alikuwa mcheshi kupindukia na mtelezaji hodari. Katikati ya miaka ya 1990 akiwa baa huko Argentina alichora kwenye karatasi ya kupangusia mikono skii iliyogeuzwa kila kitu. Skii ya kawaida ni nyembamba katikati na pana kwenye ncha; yake pana katikati. Ya kawaida imepinda katikati kwenda juu. Yake imepinda ncha kwenda juu kama mtumbwi. Sababu yake ilikuwa rahisi: theluji laini ya kina kirefu inafanana na maji kuliko barafu, sasa mbona tunatumia chombo cha barafu? Walimcheka. Yeye akachukua skii za majini, zile za kuvutwa na boti, akazipachika vifungo vya skii, akaenda nazo Alaska akashuka mlima mkali. Ilifanya kazi! Kampuni ya Volant ikamtengenezea chache mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikaitwa Spatula, jina la mwiko wa kugeuzia mayai. Kwenye theluji ngumu hazifai kitu kabisa, na McConkey mwenyewe alikuwa anawaambia hivyo wanunuzi, kwa maandishi yaliyojaa mizaha. Leo nenda duka lolote la skii Ulaya au Marekani, ncha zile zilizopinda kama mtumbwi zipo karibu kila ukuta.

McConkey alikuwa na mchezo mwingine. Anateleza mpaka ukingoni mwa jabali, anaruka angani, anafungua skii zimwanguke, kisha anapaa kwa vazi lenye mabawa na kumalizia kwa parashuti. Ina maana vifungo lazima viachie vikiamriwa. Tarehe 26 Machi 2009, kwenye milima ya Dolomites nchini Italia, aliruka, akavuta, na skii haikuachia. Akaanza kuzunguka hewani kichwa chini akihangaika na mguu wake. Alifanikiwa kuiondoa, ila ardhi ilikuwa imeshafika. Alikuwa na miaka 39, ana mke na mtoto mdogo. Miaka 70 baada ya hataza ya Hvam.

Mchezaji wa kawaida, haruki majabali, ana nafuu kubwa. Tangu vifungo vya kisasa, breki ndogo za kuizuia skii isikimbie, na vipimo vya pamoja vya nguvu ya kuachia vienee, kuvunjika muundi kumepungua sana. Kilichopanda badala yake ni goti. Kano ya ndani ya goti, ileile inayowamaliza wachezaji wetu wa mpira, huchanika mtu anapoanguka kinyumenyume huku mkia wa skii ukisokota mguu, na kifungo cha kawaida hakijui kuachia kwa msokoto huo, maana kisigino chake kinafunguka kwenda juu tu. Mwaka 2008 kampuni moja ya Vermont ilileta kifungo ambacho kisigino chake kinaachia pia kwenda pembeni. Kampuni kubwa zimekuwa nacho na wasiwasi, na hoja ninayoisoma ni ileile waliyompa Hvam: je, kikiachia wakati usiotakiwa?